Stoo ilijaa mie niko Wete

Wiki iliyopita nlivuka Pemba kwa ajili ya karafuu za ami, nkaondoka Unguja na boti ya asubuhi, OGame, ule mchezo wa mtandaoni wa kujenga sayari, kuchimba madini na kuvamiana, nimeichungulia tu nkasema ah, migodi si inachimba yenyewe bwana. Siku tatu Wete shambani, bando limekwisha. Narudi nafungua, chuma 40,000, imesimama pale pale. Kumbe ilijaa siku ile ile ya kwanza, hata magharibi haijaingia.

Hesabu yenyewe iko hivi, mgodi wangu wa chuma leveli 18, yunivasi (yaani dunia ya mchezo) ya spidi 1, mwendo wa kawaida, unatoa kama 3,000 kwa saa. Stoo ya leveli 2 mwisho wake 40,000, ikijaa mgodi unasimama. Nliacha 13,000 ndani, kwa hivyo nafasi ilobaki ni ya saa tisa na mie nimepotea saa 72, piga mwenyewe, zaidi ya 180,000 hazikuchimbwa. Kinachoniuma, kupandisha stoo leveli 3 gharama yake chuma 4,000 na leveli 4 ni 8,000, yaani saa nne za mgodi tu, na nlikuwa nazo, nkazitia kwenye mgodi maana mgodi ukipanda unaona raha, stoo nani anaishughulikia.

Na huko shamba siku ya pili ami kawasimamisha wachumaji mchana na mikarafuu bado imejaa. Nkamuuliza, "Kwani vipi ami?" Akanionesha uani, majamvi yote hayana nafasi, na karafuu mbichi ukizirundika zikilala zinapata moto zinaharibika. "Leo basi mwanangu, tuanike hizi kwanza." Mie nimekaa hapo vidole vyeusi kwa kuchambua makonyo, wala haikunijia kama stoo yangu nayo saa hiyo ishajaa.

Sasa kuna watakaosema pandisha stoo leveli 5, inabeba 255,000, ulale. Sitaki. Anaekuja kukuvamia anaweza kuondoka na nusu ya alichokikuta, stoo kubwa ilojaa na mwenyewe hayupo si ndo unamwita? Ukiweka vekesheni modi, ile ya kusema uko likizo, huvamiwi, lakini migodi nayo inasimama, sasa faida iko wapi.

Kwa hivyo mie napima kwa saa ntazokuwa sipo. Stoo ya sayari kubwa nimeipeleka leveli 4, inabeba 140,000, hiyo ni kama saa 46, boti ikichelewa, umeme ukikatika, bado napumua. Kile kikoloni changu, sayari yangu nyengine ndogo, mgodi wake leveli 10, mia saba na kitu kwa saa, stoo ya leveli 1 ya 20,000 inakula siku nzima, kukijengea zaidi ni kutupa chuma. Na usiku kabla ya kulala vilivyomo navipakia kwenye meli kubwa za mizigo, moja inabeba 25,000, nazituma safari ndefu mvamizi asizikute, zirudi alfajiri nishaamka, diteriamu, ndo mafuta ya meli, inaliwa kidogo lakini sawa.

Juzi usiku jirani wa sistimu ya pili, lile kundi la sayari la pembeni, kanitumia vijasusi vitatu, vyombo vya kuchungulia stoo ina nini. Kakuta chuma 9,000. Hajarudi tena.