Nilivyohama PCB wiki ya pili ya sinia ya tano

Matokeo yangu ya UCE, mtihani wa kumaliza sinia ya nne (kidato cha nne) hapa Uganda, yalipotoka mapema 2015, Baba alinunua kreti nzima ya soda. Tulikaa kambi ya polisi Jinja, ambako Mteso, Mlugbara, Msoga na Mnyankole wanaishi mlango kwa mlango na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kabla jua halijazama kambi nzima ilikuwa imeshajua: binti wa sajini amepata daraja la kwanza, atakuwa daktari.

Mimi sikuwa nimesema neno. Nilichokuwa nakipenda ni hisabati, na mwaka ule daraja jipya la Mto Nile lilikuwa linajengwa pale pale Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018. Kila tulipovuka kwenda Njeru nilibandika uso kwenye dirisha la matatu nitazame mafundi na mashine zao. Lakini nyumbani sikulisema, na niliporipoti sinia ya tano nikakuta jina langu ubaoni chini ya PCB: fizikia, kemia, baiolojia. Baba ndiye aliyejaza fomu.

Wiki ya kwanza nilivumilia. Kilichonishtua ni ratiba. Sisi wa PCB hisabati yetu ilikuwa sabumathi, ile hisabati ndogo ambayo ukifaulu inakupa pointi 1 basi. Nikamwendea dada mmoja wa kambini aliyekuwa mwaka wa pili Makerere, nikamuuliza kama sabumathi itanipeleka uhandisi. Akacheka kwa huruma, akaniambia, "Mdogo wangu, anza na kozi ya chuo ndipo urudi kwenye kombi, hayo masomo matatu. Nyinyi mnaanza na kombi."

Akanifundisha jinsi Makerere wanavyopima. Kila kozi ina masomo yake ya lazima, yanazidishwa kwa 3, na somo linalohusiana nayo linazidishwa kwa 2. Kwa uhandisi wa ujenzi, ya lazima ni hisabati na fizikia. Bila hisabati kamili, ile ya prinsipo yaani somo kuu, hata ukipata A tatu za PCB mlango huo haufunguki. Sikulala usiku ule. Nilikuwa nimebaki kidogo tu nijifungie mlango ambao hata sikuwa nimeujua.

Shule ilikuwa imetoa wiki mbili za kubadilisha, na mwalimu wa taaluma alitaka sahihi ya mzazi. Jumamosi nikaomba ruhusa nikaja nyumbani. Stima ilikuwa imekatika. Baba alikuwa anapiga viatu vyake rangi kwenye mwanga wa mshumaa, nami nikafungua daftari mbele yake, nikaandika polepole aone kila namba. Tuseme nimepata B ya hisabati, C ya fizikia na C ya kemia. B ni pointi 5, C ni 4. Kwa hiyo 15, 12, na 8, jumla 35. Masomo madogo, Jenerali Pepa (maarifa ya jumla) 1 na ICT (kompyuta) 1, inakuwa 37. Nyongeza ya wasichana 1.5, tumefika 38.5. Na bado kuna vipointi vya UCE: kila distinksheni, yaani alama ya juu, 0.3, na kila kredit, inayofuata, 0.2.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, kambi nzima inajua unaenda kuwa daktari."

"Baba, kambi haitanifanyia mtihani."

Sikuwahi kumjibu hivyo maishani, na sauti ilinitetemeka. Nikamwonyesha na upande wa udaktari pia, maana sikutaka afikiri nimekwepa: kule ya lazima ni baiolojia na kemia, kwa hiyo hata aliyechukua BCM (baiolojia, kemia, hisabati) anaweza kuomba. Nilitaka aone kwamba PCB si jina lingine la udaktari, kama tulivyozoea kuamini. Akaichukua kalamu, akaipitia hesabu upya mstari kwa mstari kama anayekagua taarifa ya kituoni, halafu akatia sahihi.

Miaka miwili ya PCM (fizikia, kemia, hisabati) ilikuwa migumu, sitadanganya. Kemia ilinitesa hadi mwisho. UACE ya 2016, mtihani wa kumaliza sinia ya sita, nikapata prinsipo zote tatu, lakini ufadhili wa serikali ulinipita, nikaingia Kyambogo kusoma uhandisi wa ujenzi kwa kujilipia. Baba alichukua mkopo wa SACCO, na hadi leo hajaniambia ulikuwa shilingi ngapi.

Mdogo wangu alifanya UCE ya 2024, ile ya kwanza ya mtaala mpya, isiyo na madaraja, herufi A hadi E tu. Safari hii Baba mwenyewe ndiye aliyenipigia simu: "Njoo na daftari." Kijana anataka sheria, amependa historia, uchumi na Kiswahili. Sheria Makerere ina mtihani wake wa kuingilia, hilo tuliliandika juu kabisa. Tulipofika kwenye sabu, yaani somo dogo, akanuna, kwa sababu anayechukua uchumi bila hisabati hana budi kufanya sabumathi, naye namba anaziogopa. Nikamuahidi kila Jumapili saa kumi tutakaa kwenye simu, swali kwa swali. Tumeshaanza na uwezekano, na Jumapili iliyopita alipata matatu kati ya matano.