Kijana Asiyekaa Kitako

Sisi watu wa Lamu hatumwambii mgeni akae chini, bali humwambia akae kitako, na ni neno hilo hilo lililonifumbua macho jioni moja ya Mfungo Sita wa mwaka 2018, kaka yangu alipotujia baada ya sala ya Magharibi. Nilikuwa nimemtilia kahawa, naye akampiga mwanangu kofi jepesi la begani na kumwambia, "Kaa kitako, mjomba, unipe habari za punda wako." Mwanangu, aliyekuwa na umri wa miaka 15 na ambaye kwa kawaida angekuwa ameshajitupa barazani kabla ya kuambiwa, aliegemea kizingiti cha mlango akajibu kwamba amechoka kukaa. Kaka yangu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu tangu alfajiri sikuwa nimemwona kijana yule amekaa mahali popote.

Mambo niliyokuwa nikiyaona bila kuyatia maanani yalinijia yote kwa mara moja. Alikuwa akila wima jikoni akisingizia joto la ukumbini, akilala kifudifudi, na katika sala, ulipofika wakati wa tahiyatu, alikuwa akijiinua kidogo na kuuelekeza uzito wake wote kwenye paja moja huku ameuma mdomo. Juu ya hayo, alikuwa akifua kikoi chake mwenyewe usiku. Mvulana wa umri ule akianza kufua nguo bila kuamrishwa, mama hahitaji mpiga ramli wa kumwambia kwamba pana jambo. Shule zilikuwa zimefungwa na Maulidi yalikuwa yamekaribia, na vijana wote wa mtaani walikuwa wakifanya mazoezi ya mashindano ya punda kila jioni kule ufukweni mbele ya mji, wakiwapanda bila tandiko. Nilimuuliza kama ameanguka. Alisema ndiyo, tena upesi mno, na hapo nikajua kwamba ananidanganya, kwa kuwa hakuna kijana wa Lamu anayekiri kwa hiari yake kwamba punda amemwangusha.

Siku ya pili nilikiona kikoi chini ya godoro. Upande wa nyuma kilikuwa na doa la damu iliyochanganyika na usaha, na harufu yake haikuwa ya jasho wala ya punda. Nilikaa na nguo ile mkononi kwa muda mrefu, na nilichokikumbuka si mambo ya wiki ile bali ya mwaka 2003, mtoto huyo alipokuwa na siku tatu au nne tangu kuzaliwa.

Mama yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumkanda mafuta katika zile siku za arubaini. Asubuhi moja alimlaza kifudifudi mapajani mwake, akasita, kisha akaniita kwa sauti ya chini. Pale mgongo unapokwisha, chini kabisa karibu na kitokono, palikuwa na kishimo kidogo kama alama ya ncha ya kidole iliyobonyezwa katika unga. Mama alisema wapo watoto wanaozaliwa nacho na akaendelea kukanda, ila mimi sikuendelea na lolote siku ile. Kliniki, muuguzi aliitanua ngozi kwa vidole viwili, akakiona kishimo hadi chini yake, akasema hakina tatizo na akaita mtoto mwingine. Hakunieleza kwa nini hakina tatizo, nami sikuthubutu kuuliza. Basi nikajifanya mlinzi wa kishimo kile. Kwa miaka sita nilikuwa nikikikagua kila nilipomwogesha, nikikausha maji yaliyotuama ndani yake kwa pembe ya leso, mpaka siku alipoufunga mlango wa choo na kusema kwamba sasa ataoga mwenyewe. Tangu hapo sikukiona tena, wala sikumuuliza, kwa kuwa mtoto wa kiume akishajisitiri, mama naye hujifunza kugeuza uso. Nikiwa nimekishika kile kikoi niliamini kwamba kishimo changu ndicho kilichofumuka, na kwamba niliacha ulinzi mapema.

Nilizungumza naye nikiwa nje ya mlango wa chumba chake, kwa kuwa niliona angenijibu vizuri zaidi ikiwa sisi sote tunautazama ubao badala ya kutazamana.

"Ni jipu?"

Hakujibu.

"Liko wapi?"

"Pale, mama."

Pale ni mahali gani sikuhitaji kufafanuliwa. Kidogo kidogo akaniambia kwamba lilianza kumvimba tangu mwezi wa Juni, likapasuka lenyewe na kutulia, likarudi Septemba, naye akaenda peke yake kwenye duka la dawa akauziwa vidonge vya siku tano bila ya mtu yeyote kumwangalia. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ungekuwa wewe, ungemwonyesha nani?" Baba yake alikuwa kazini Mombasa, na mambo kama hayo hayasemwi kwa simu. Zaidi ya hayo, kwa mahali uvimbe wenyewe ulipokuwa, alichelea watu wasije wakamdhania mambo. Swali lake sikuwa na jibu lake, na mpaka leo nadhani aliniuliza kwa haki.

Nilitwanga manjano na habasoda, nikampitishia mlangoni katika kisahani, na dawa hiyo haikufanya chochote isipokuwa kuchafua shuka. Usiku alishikwa na homa. Alfajiri nilimwita kaka yangu, tukaondoka kwenda hospitali kwa miguu, kwa sababu katika vichochoro vyetu mgonjwa hupandishwa punda, na punda ndicho kitu pekee ambacho mgonjwa wetu hangeweza kukipanda. Alitembea ameshika bega la mjomba wake, hatua moja kwa moja, na kila aliyetuamkia "Sabalkheri" aliitikiwa na mimi tu.

Aliyetupokea alikuwa daktari wa kike, kijana mno. Mwanangu aligeuka kuelekea mlangoni, na nadhani tungelirudi nyumbani kama yule binti asingefahamu mambo kwa kumtazama mara moja. Hakusema neno, alitoka akaenda kumwita mwenzake wa kiume, mtu mzima. Kaka yangu aliingia naye nyuma ya pazia, mimi nikabaki upande huu nikisikiliza sauti ya vyombo vikiwekwa kwenye sinia. Alidungwa sindano ya ganzi, na hapo ndipo nilipomsikia akilia, kwa sababu ganzi haifanyi kazi vizuri mahali palipojaa usaha na sindano yenyewe huuma vibaya. Kisha daktari akapasua, kando kidogo ya mstari wa katikati, kwa kuwa kidonda kilicho katikati kabisa ya mwanya wa matako huchelewa kupona. Harufu ikatufikia sote. Baadaye kaka yangu aliniambia kwamba pamoja na usaha lilitoka shungi la nywele, limesokotwa kama uzi wa mshumaa, na kwamba yeye, aliyechinja mbuzi wasiohesabika, ilimbidi ashike ukuta.

Daktari alitueleza huku anaendelea na kazi. Maradhi yale yana jina, pilonidal, lililotokana na maneno mawili ya Kilatini, unywele na kiota, na hivyo ndivyo yalivyo. Nywele zilizokatika hukusanyika katika mwanya, na kwa msuguano na mtikisiko huchoma ngozi na kuingia ndani, mwili ukazichukia kama unavyouchukia mwiba, na hapo jipu hufanyika. Huwapata zaidi wanaume baada ya kubalehe. Alisema kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia askari wengi wa Marekani walilazwa kwa ajili yake, na kwa kuwa walikuwa wakirushwarushwa juu ya viti vya magari ya jeep, uliitwa ugonjwa wa jeep. "Na wa Lamu ni wa punda," kaka yangu akasema, nikamsikia mwanangu akicheka huku analia.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kusema nilichokuja nacho. Nikiwa nyuma ya pazia nilimweleza daktari habari za kishimo cha utotoni, nikamuuliza kama ni hicho kilicholeta yote haya. Akaniuliza kilikuwa wapi. Nikamwambia, chini kabisa, kwenye kitokono. Pakawa kimya kidogo.

"Kipo, mama," akasema. "Kikavu, kimetulia, hakina nywele hata moja. Haya matundu ni mawili mengine, na yako juu yake."

Akaendelea kunieleza, kwa utaratibu ambao ningeuhitaji miaka 15 nyuma, kwamba kishimo cha mtoto mchanga kilicho katikati, kisichozidi milimita 5 kwa upana, kilicho ndani ya sentimita mbili na nusu kutoka tundu la haja kubwa na ambacho chini yake huonekana, huwa hakina madhara. Cha kuhofiwa ni kilicho juu zaidi au kikubwa zaidi, au kilichofuatana na shungi la nywele, alama ya rangi au uvimbe, kwani huenda kikaashiria hitilafu katika uti wa mgongo. Mtoto kama huyo hupigwa picha ya mawimbi ya sauti katika miezi yake ya mwanzo, kabla mifupa haijakomaa ikayazuia mawimbi hayo. Wangu alitembea kwa wakati wake na haja zake alizimudu kama watoto wote. Muuguzi wa mwaka 2003 alikuwa amesema kweli. Alichonikosesha ni sentensi tatu tu.

Kidonda hakikushonwa, kiliachwa wazi kipone kuanzia chini kwenda juu, na kila siku kilitakiwa kuoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kikaushwe na kujazwa shashi safi. Kaka yangu aliifanya kazi hiyo kwa siku tano, kwa mikono yake ya useremala iliyokuwa miepesi kuliko nilivyotarajia. Siku ya sita alipata kazi ya milango Faza na boti haikumngojea. Nilitandika shuka, nikaweka beseni na shashi nje ya mlango, nikasubiri. Baada ya muda mwanangu aliufungua. Alikuwa amejifunika vikoi viwili, kimoja juu na kimoja chini, akiwa ameacha nafasi isiyozidi kiganja, na uso ameuelekeza ukutani.

Hatukusema kitu siku hiyo, wala iliyofuata. Nilijifunza kuvuta shashi iliyoganda kwa kuilowesha kwanza, na kuangalia nyama nyekundu ya ndani ikipanda kidogo kidogo. Maulidi yalipofika, kidonda kilikuwa bado hakijajaa. Jioni ya mashindano tulisikia kelele za ufukweni zikipanda hadi dirishani. Punda wake alipandwa na mwenzake, akashika nafasi ya tatu. Nilikuwa namfunga bandeji, naye amelala kifudifudi, kidevu juu ya mikono.

"Mama," akasema, "kile cha utotoni umekiona?"

"Nimekiona."

"Kikoje?"

Nikamwambia kiko vile vile.