Herufi W

Jana jioni mwanangu alikuwa akikariri jedwali la elementi. Alipofika namba 74 akanyamaza. "Baba, mbona tungsteni imeandikwa W?" Nikamjibu harakaharaka kwamba W ni ya wolframi, jina lake jingine. Yeye akaridhika. Mimi nikalala na swali.

Maana majina hayo hayana udugu wowote. Tungsten ni Kiswidi: tung ni zito, sten ni jiwe. Mtu alilinyanyua, likamlemea, akalitaja kwa alichokihisi mkononi. Wolfram ni la Wajerumani, wayeyusha bati wa Saxony, na hilo ndilo linalonigusa. Jiwe fulani jeusi likiingia tanuruni pamoja na mawe ya bati, bati lilipungua, jingine likapotelea kwenye taka. Wakasema jiwe hili linakula bati kama mbwa mwitu, kwao wolf, anavyokula kondoo. Mwaka 1546 Georgius Agricola, mtaalamu wa madini, aliliandika kwa Kilatini lupi spuma, povu la mbwa mwitu. Wafugaji wetu nadhani wangemtaja fisi.

Namfikiria yule fundi. Ameamka alfajiri, amevukuta moto kutwa, jioni anapima bati lake na kukuta pungufu. Kemia ya kumweleza sababu haikuwepo bado. Mnyama anayemaliza mali usiku alimjua vizuri.

Baadaye, mwaka 1781, mkemia Carl Wilhelm Scheele akiwa Uswidi alipata asidi mpya kutoka kwenye lile jiwe zito. Mwaka 1783 ndugu wawili, Juan José na Fausto Elhuyar, wakaipata metali yenyewe mjini Bergara, Hispania, nao waliitoa kwenye jiwe la mbwa mwitu. Ndiyo maana Wahispania hulipenda jina wolframio. Waingereza na Wafaransa walichukua neno la Waswidi. Na Waswidi wenyewe? Wao siku hizi husema volfram! Jiwe lao zito nalo likapewa jina la Scheele.

Leo asubuhi nimetafuta balbu ya zamani iliyoungua, ile ya uzi, nikampa mwanangu. Nimemwambia uzi ule ni metali hiyo, haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 3,422 za Selsiasi. Kisha nikamsimulia habari ya tanuru tangu mwanzo, bila haraka. Akaitikisa balbu sikioni, uzi uliokatika ukalia ndani ya kioo.

"Kumbe yumo humu," akasema.