Mtori wa mzazi asiyezaa

Binti yangu ameniruhusu kuandika haya kwa masharti matatu. Jina lake lisitokee. Picha yake isitokee. Na mahali alipookotwa, pamoja na yote yaliyoandikwa kwenye faili lake, ni mali yake. Nikiyagusa atanununia mpaka Pasaka. Ana miaka 20 sasa, yuko chuo, na kwa kununa amemshinda bibi yake wa Machame. Kwa hiyo nasimulia upande wangu tu: mimi, mume wangu, mama yangu na sufuria.

Swali la kwanza la Mtanzania yeyote nikimwambia kwamba binti yetu tulimwasili kutoka China ni lilelile: kwani Tanzania watoto wameisha?

Tulijaribu. Mwaka 2003 tulikwenda likizo Moshi tukamwona wakili, mzee mwenye ofisi juu ya duka la vipuri. Alitusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema mahakama itataka watu wanaoishi nchini, si watu wa kuja Krismasi na kuondoka. "Rudini kwanza mkae." Kurudi kukaa hatukuweza. Mume wangu alikuwa anaendesha malori ya masafa marefu na mkopo wa nyumba uko shingoni, mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, St. Paul, Minnesota. Ndoa ilikuwa na miaka tisa. Ya hospitalini siyaandiki, nimeyachoka.

China wakati ule ilikuwa na utaratibu unaoeleweka. Fomu zinajulikana, gharama zinajulikana, foleni inasogea. Mwaka ule wa 2005 peke yake karibu watoto 8,000 kutoka China waliingia Marekani kwa njia hiyo, wengi wao wasichana, maana sera ya mtoto mmoja ilikuwa bado inabana na wengi vijijini walitaka huyo mmoja awe wa kiume. Mlango huo umeshafungwa. Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba haitoi tena watoto kwa wageni, isipokuwa ndugu wa damu na wazazi wa kambo. Binti yangu alinitumia habari ile kwenye simu bila kuandika neno lolote. Nami sikuandika neno. Jioni tukapigiana tukaongelea mtihani wake wa takwimu.

Makaratasi yalichukua zaidi ya mwaka. Mama wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani mara tatu, akafungua friji, akapima kwa macho umbali wa ngazi na chumba cha mtoto, akatuuliza kila mmoja peke yake tunagombana kuhusu nini. (Mume wangu alijibu "chumvi". Mimi nilijibu "mama yake". Alitupitisha hivyohivyo.) Kilichotutesa ni cheti cha ndoa. Kwa kuwa kilitolewa Tanzania, kilitakiwa kuthibitishwa Tanzania: Wizara ya Mambo ya Nje kwanza, kisha ubalozi wa China, kote Dar es Salaam. Kaka yangu alipanda basi Moshi hadi Dar mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya muhuri mmoja. Mpaka leo akinywa bia mbili anasema yeye ndiye aliyembeba mpwa wake huyu mgongoni, Moshi mpaka Ubungo.

Picha ya mtoto ilipofika nilimpigia mama. Kule kwetu, kwa wasiojua, mwanamke akijifungua analishwa. Miezi mitatu hashiki jembe wala sufuria. Anakaa, ananyonyesha, na asubuhi na jioni analetewa mtori, ndizi zilizochemshwa na nyama mpaka zikalainika, zikapondwapondwa. Unarudisha damu, ndivyo wanavyosema. Mama alikuwa ameshawalisha dada zangu wawili. Nikamweleza yote, China, mkoa wa Jiangxi, umri wake, mashavu. Simu ikakaa kimya, nikadhani salio limekwisha.

"Nani atakupikia mtori?"

"Mama, mimi sizai. Sipotezi damu yoyote."

"Nimekuuliza nani atakupikia."

Akaenda kuomba viza. Dirishani wakamuuliza anakwenda kufanya nini, akasema kumlisha mwanawe, ni mzazi. Mtoto amezaliwa lini? Akasema hajui siku, yuko China. Sijui yule ofisa alielewa nini, lakini viza alipewa.

Novemba 2005 tukaruka, Minneapolis, Tokyo, halafu China. Tulikuwa familia tisa kwenye msafara, weusi sisi peke yetu. Nanchang, mji mkuu wa Jiangxi, haikuwa imewazoea Waafrika. Watu walisimamisha baiskeli. Siku za baadaye, tulipokuwa tunatembea na mtoto kando ya mto Gan, mabibi wa Kichina walitufuata, si kwa ubaya, wakamvuta mtoto soksi, wakanifokea, wakaonyesha mawingu. Sikuhitaji mkalimani. Ni ugomvi uleule wa kina mama wa Machame: mtoto anapata baridi, we msichana huna akili?

Lakini nimeruka. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, kwenye ofisi ya serikali yenye viti vya plastiki na chupa kubwa za chai. Nilikuwa nimefikiria mlango utafunguka polepole. Wapi. Mlango ulifunguka wakaingia walezi wote kwa mpigo, kila mmoja na mtoto, watoto wanalia, majina yanaitwa, kamera zinawaka. Nikasikia jina la mtoto wetu la Kichina, nikainua mkono kama mwanafunzi, na mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani akaniwekea mtu mikononi. Alikuwa mzito! Nusu ya uzito ni nguo. Usiku nilizihesabu, tabaka tano, na suruali iliyopasuliwa katikati.

Mwongozaji wetu, msichana mchangamfu, akamwinamia mtoto, akaninyooshea kidole: "Mama! Mama!" Akamwonyesha mume wangu: "Baba!"

Mume wangu akanigeukia. "Huyu dada kajifunza Kiswahili lini?"

Ni Kichina. Mama ni mama na baba ni baba, matamshi tu yanapanda na kushuka. Tulicheka mpaka tukalia, au tulikuwa tunalia tayari. Mtoto hakucheka. Alikuwa anamtazama yule wa sweta ya kijani anavyorudi mlangoni. Walezi wao wanawaita *ayi*, yaani shangazi au mama mdogo. Ayi aligeuka mara moja tu, akajifuta pua kwa kiganja, akaenda.

Kesho yake ilitubidi turudi kusaini, maana walitupa usiku mmoja wa kufikiri. Karani akauliza, kupitia kwa mwongozaji: mmeridhika na mtoto huyu? Kuridhika! Kama kitambaa cha Kariakoo. Nikajibu "ndiyo" kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, na wakaandika bila kusubiri tafsiri. Halafu: mnaahidi hamtamtupa? Tukaahidi. Wakaupaka unyayo wake wino mwekundu wakaugonga kwenye karatasi. Na mchango wa kituo ulikuwa dola 3,000, noti za mia mia thelathini, mpya zisizo na mkunjo. Noti yenye kona iliyokunjika inarudishwa. Mume wangu alikuwa amezibeba ndani ya Biblia ili zisikunjamane.

Sikupenda kuzihesabu zile noti, na nililichukia jambo hilo zaidi tuliporudi. Mwezi uleule wa Novemba, Hunan, mkoa jirani na Jiangxi, polisi waliwakamata watu waliokuwa wakiviuzia vichanga vituo vya watoto yatima vya Hengyang na maeneo ya karibu. Nilisoma miezi kadhaa baadaye nikiwa zamu ya usiku, nikaenda kukaa chooni. Hapa naishia, kwa sababu ya sharti la tatu.

Usiku wa kwanza hotelini alilia kuanzia saa mbili hadi saa tisa. Kitabu kilisema mtoto atalia kwa njaa, kwa nepi, kwa meno. Huyu hakulia hivyo. Alilia ameukazia macho mlango. Ukimgeuza anajigeuza tena, anauangalia, anavuta pumzi, anaanza upya, na mwisho sauti ilikuwa ya chini, imekauka, ya mtu mzima. Nimekaa kwenye matanga mengi Machame. Kilio kile nakijua, ila sikuwahi kukisikia kwa mtu asiye na meno. Familia ya chumba cha jirani ilikuwa inafungua shampeni. Sisi tulizima taa, mume wangu akamwimbia pambio la kwaya yao ya Kilutheri, nami nikaivaa ile nguo yake ya juu kichwani kwangu kama kofia ili aone kitu anachokijua. Hakudanganyika.

Guangzhou, tulikofuata viza ya mtoto, nitapita haraka: mtoto kapimwa na daktari, tumeinua mikono ya kulia ubalozi mdogo wa Marekani tukaapa kwamba tuliyoandika ni kweli, tumepewa bahasha iliyofungwa na onyo la kutoifungua. Kwenye kisiwa cha Shamian wenye maduka walikuwa wanatuazima vigari vya watoto bure ili tuwape nguo za kufua. Biashara nzuri. Kila asubuhi mtoto alikula uji wa mchele, na kila usiku aliuangalia mlango.

Minneapolis tulifika na pasipoti tatu za nchi tatu. Mume wangu alikuwa ameshapata uraia, mimi nilikuwa bado na kadi ya kijani, mtoto alikuwa Mchina. Ofisa akafungua ile bahasha, akasoma, akagonga muhuri, akasema karibu nyumbani, akimwambia yeye. Kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001 mtoto wa namna ile anakuwa raia papo hapo anapoingia. Yaani nimehangaika na nchi ile miaka saba, na mtu wa miezi kumi na mmoja kanipita kwenye foleni akiwa amelala.

Tulipotoka nje ya forodha nikasikia mtu anaita, "Mama Fulani! Mama Fulani!" (Hilo Fulani ni jina la mtoto, la bibi yake mzaa baba, kama ilivyo kwetu kwa msichana wa kwanza.) Nikaendelea kusukuma mizigo. Sauti ikaita tena. Mume wangu akanishika bega: "Unaitwa." Miaka yote ile ya ndoa nilikuwa naitwa dada, shemeji, mke wa fulani, nesi. Sikujua kugeuka.

Alikuwa mama, amevaa koti la kuazima lililomfika vifundoni, kitenge kinachungulia chini, na mkononi kanga mpya aliyoitoa Moshi kumpokelea mjukuu. Akamfunika nayo palepale, akampigia vigelegele hadi askari akaja kuangalia. Nyumbani ndipo nilipoisoma ile kanga: HASIDI HANA SABABU. Nikamuuliza, mama, kwa mtoto mchanga? Akasema nyingine zote dukani zilikuwa na rangi mbaya.

Wageni walikuja, Watanzania wa St. Paul, wa Brooklyn Park, hata wa Rochester, kwa theluji ile. Pampasi mpaka dari. Mmoja akasema, hongera, umepata na hukuumia. Mwingine, akiwa jikoni akidhani maji ya bomba yanamficha, akasema huyu si ndiye mtoto wa kununua. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakugeuka.

"Wewe ulipotolewa mahari ulinunuliwa shilingi ngapi?"

Ndizi zenyewe zilikuwa vita. Hakuna mshare Minnesota. Duka la Wameksiko lilikuwa na mzuzu, akaushika akaurudisha, mzuzu haupikwi mtori. Mwisho alimwomba mwenye duka la Wavietnamu, kwa ishara, amtolee zile za kawaida kabla hazijaiva, za kijani kabisa, na yule mzee akaanza kumwekea boksi kila Ijumaa. "Hizi si ndizi, ni magongo," alisema kila Ijumaa. Akazipika saa tatu, na nyama ya mfupa, akaziponda kwa mwiko aliokuja nao kwenye mzigo. Nami nikakalishwa kitandani, nimefungwa kanga tumboni, nimekatazwa kuosha hata kikombe. Niliona haya. Nilimwambia, mama, nimekaa kwenye ndege tu, damu sijapoteza. Akasema, kula.

Siku ya nne mtoto akagoma chupa. Tulijaribu maziwa ya unga ya kutoka China, ya Marekani, ya moto, ya vuguvugu. Anafunga mdomo, anauangalia mlango. Daktari alisema tusubiri hadi asubuhi. Usiku ule mama aliniletea bakuli langu la mtori, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanyamaza akimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akachota kijiko kwenye bakuli langu, akakipuliza, akakionja kwa ncha ya mdomo, akakipeleka kwa mtoto.

Nikasema, kwa utani tu, mama, si ulisema hicho ni cha mzazi?

"Wewe hukupoteza damu," mama akasema. "Huyu ndiye aliyepoteza."

Mtoto akafungua mdomo. Cha pili alikishika mwenyewe, pamoja na kidole cha bibi yake. Alimaliza bakuli lote, nami nikaenda jikoni kukomba sufuria.