Buku la kuchelewa

Kikoba chetu hapa Uyole kina sanduku la kufuli tatu, na funguo wanazo akina mama watatu tofauti. Mmoja akichelewa, wote tunakaa mkekani tukiliangalia sanduku. Mwaka jana mimi, katibu, nikapendekeza faini: ukifika baada ya saa 10 jioni, shilingi 1,000, yaani buku. Nilipigiwa makofi.

Ufunguo wa pili anao mama mmoja muuza viazi. Zamani akichelewa aliingia ameinama, kandambili mkononi. "Jamani mnisamehe, gari la mzigo limenikwamisha." Kisha haketi mpaka amsaidie mwenye nyumba kugawa chai. Faini ilipoanza? Saa 11 kasoro anaingia wima, anafungua fundo la khanga, noti inatua kwenye bakuli, anakaa. Mtu akiguna, jibu liko tayari: "Kwani sijalipa?" Na hakuwa peke yake. Bakuli lilikuwa linanona.

Mdogo wangu anayesoma chuo alinicheka sana. Akanisimulia utafiti wa wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, uliochapishwa mwaka 2000. Huko Haifa, Israeli, walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto kwa wiki 20. Wazazi walitakiwa kuwachukua watoto saa 10 jioni (saa yetu ileile!). Katika vituo 6 ikawekwa faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Wachelewaji wakaongezeka, hadi kufikia karibu mara mbili. Mwanzoni mzazi alimwonea haya mwalimu aliyebaki na mwanawe; sasa haya imepata bei, tena bei ya kulipika.

Nikasema basi, tunaifuta.

"Dada, sijamaliza," akasema. Faini ilipoondolewa, wazazi wale waliendelea kuchelewa vilevile.

Nikabisha. Haifa si Uyole, sisi huku tunazikana. Tukaifuta, na kwenye daftari nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nikachelewa mimi. Mvua, bajaji imezima njiani, daftari nimelificha chini ya kitenge lisilowe. Navuka kizingiti, sijatoa hata shikamoo, mkono uko ndani ya pochi unatafuta buku.

Yule mama wa viazi akasogea kunipa nafasi mkekani.

"Funga pochi, mwanangu. Chai imepoa."