Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya madeni yaliyojirudia

Saa 11:20 alfajiri

Simu ilitetemeka chini ya mto kabla muadhini hajaanza. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mama mmoja wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa hapa Mwanza, nyuma yake wapakizi wakipigiana kelele. "Mwanangu, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Hili daftari lenu la kwenye simu linasema mteja wangu wa Kongo nimemkopesha magunia 24 ya dagaa. Mimi nimempa 12. Akiliona hili si ataniita mwizi?"

Mkono wangu ulishaanza kuitafuta laptopu. Sehemu hiyo ya programu niliiandika mwenyewe miaka minne iliyopita, na nilijua pa kuanza kuangalia. Nikaiacha. Niliituma ile sauti kwenye kundi la timu, nikaandika: "Nimemwomba asifute chochote. Nani yuko macho?" Kisha nikaenda kuoga.

Kuiacha laptopu pale mezani ni kazi inayonichosha kuliko kuandika msimbo usiku kucha. Miaka miwili sasa najifunza.

Saa 12:45 asubuhi

Daladala ya Nyegezi kwenda mjini ilijaa tangu kituoni. Nilisimama hadi Mkuyuni ndipo nikapata kiti, nikafungua kundi. Kijana wetu wa seva, kompyuta inayotunza rekodi zote, alikuwa ameshajibu saa 11:31, na mwenzake wa programu ya simu dakika chache baadaye. Walishagawana kazi: mmoja asome kumbukumbu za seva, mwingine ajaribu kulifanya kosa litokee tena kwenye simu yake. Hakuna aliyeniuliza afanye nini. Nilisoma zile jumbe mara mbili kwa furaha.

Tuko saba, nami ndiye kiongozi wa timu. Tunatengeneza programu ya kuandikia mauzo na madeni ya wachuuzi wa dagaa na samaki, na tunafanya kazi kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi, za wiki mbili. Watu wakisikia kwamba timu yetu inajisimamia huniuliza, "Sasa wewe unalipwa kwa lipi?" Swali zuri. Wapo wanaodhani timu kujisimamia ni bosi kukaa pembeni na kila mtu kufanya apendalo. Mwongozo wa Skramu, utaratibu wa timu kufanya kazi kwa sprinti, wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, katika toleo la Novemba 2020, uliliacha neno "kujipanga" ukachukua "kujisimamia". Zamani timu ilichagua nani afanye kazi na aifanye vipi. Sasa inachagua hata kazi yenyewe ya kufanya. Hayo ni madaraka makubwa, na madaraka yasiyo na mipaka inayojulikana huwatia watu woga. Wanabaki kukutazama usoni wakisubiri ishara.

Kwa hiyo ukutani kwetu kuna karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza: tunaamua wenyewe. Ya pili: tunaamua baada ya kuuliza. Ya tatu: si letu. Wazo nililipata kwa J. Richard Hackman, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuchunguza timu. Yeye aliigawa kazi ya timu katika mafungu manne: kuitenda kazi, kusimamia mwenendo wake, kuunda timu na mazingira yake, na kuweka mwelekeo. Timu inayojisimamia inashika mawili ya kwanza. Mwelekeo unabaki kwa uongozi, na uongozi ukishindwa kuutamka waziwazi, timu haiwezi kujisimamia hata iwe na mafundi wa namna gani.

Saa 2:00 asubuhi

Ofisi yetu ipo ghorofa ya pili, si mbali na Mtaa wa Rwagasore. Kikao cha kusimama kina dakika 15, na mimi huwa nasimama mlangoni ili wazungumze wao kwa wao wasije wakanitolea mimi ripoti.

Kosa lilikuwa limeshapatikana. Simu ya mama inapotuma rekodi, seva huiandika kisha hujibu kwamba imepokea. Mtandao ukikatika jibu likiwa njiani, simu haina namna ya kujua, hivyo inatuma tena. Dawa yake ni ya siku nyingi: simu iipe rekodi namba yake ya pekee kabla ya kuituma, ili seva ikiiona namba hiyo mara ya pili isiandike tena. Tulikuwa nayo. Ila toleo jipya la programu tulilolitoa Jumatatu lilitengeneza namba mpya kila liliporudia kutuma. Pale Mwaloni asubuhi, watu wakiwa wengi na mtandao ukilegea, kila kurudia kukawa deni jipya.

Ndipo dada anayepima programu akasema, sauti ya chini, macho kwenye kikombe chake cha chai: "Mimi niliona Ijumaa rekodi mbili zinafanana. Sikuwa na uhakika."

Kimya. Kijana wa seva akamuuliza, kwa upole namshukuru, "Mbona hukutuambia?"

Akanigeukia mimi. "Dada, wewe ulikuwa umeshamwahidi mteja Jumatatu."

Hapa inabidi nirudi nyuma. Mwaka jana kijana wetu wa Sengerema, ambaye baba yake ni mvuvi, alituletea hoja ambayo mimi nisingeifikiria hata kwa miaka kumi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika na Mwaloni panapoa. Basi, alisema, matoleo mapya tuyatoe siku za mbalamwezi, tukikosea tumkosee mtu mwenye nafasi ya kutusikiliza. Mwezi una siku 29 na ushee, sprinti mbili ni siku 28, kwa hiyo hatuhitaji kusogeza mambo sana. Timu ikakubali, ikaiandika kanuni hiyo kwenye safu ya kwanza. Hakuna mwongozo wa kigeni ambao ungetupa kanuni ile.

Mimi ndiye niliyeivunja. Wiki mbili zilizopita mteja anayetulipa alinibana kwenye simu, nikamwahidi Jumatatu, katikati ya siku za giza, bila kurudi kwa timu. Niliwaambia ni mara moja tu. Walikubali haraka mno, na nilipaswa kushtuka. Karatasi bado ilikuwa ukutani, ila wote walishajua kwamba dada akiahidi, safu ya kwanza haina nguvu. Basi dada wa upimaji akaona nini cha kusema?

Nilimwambia mbele ya wote kwamba kosa la kuahidi lilikuwa langu, na kwamba ile Ijumaa alikuwa na haki ya kusimamisha toleo. Sikutaka kuongeza maneno. Profesa Amy Edmondson wa Harvard, alipochunguza timu za hospitalini miaka ya 1990, alikuta timu zilizokuwa bora ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa sababu watu wake waliweza kuyasema. Nilishasoma hayo na hata kuyafundisha, kisha ndani ya ofisi yangu nikamfunga mtu mdomo bila kumkemea.

Saa 3:15 asubuhi

Waligawana tena. Wawili walirekebisha namba za rekodi. Wawili wakahesabu wachuuzi walioguswa. Mimi nilipewa kazi mbili: kununua umeme wa LUKU kabla haujaisha, na kumpigia mteja.

Saa 5:00 asubuhi

Kulizuia kosa lisiendelee ilikuwa rahisi. Madeni yaliyokwisha kuandikwa mara mbili ndiyo yaliyotushughulisha. Jibu langu nilikuwa nalo tangu alfajiri: rekodi mbili zenye mteja mmoja, idadi moja, ndani ya dakika mbili, futa moja. Kijana wa seva naye alifikiria vivyo hivyo. Dada wa upimaji akasema, safari hii kwa sauti ya kawaida, "Tusifute kitu kabla hatujaenda Kirumba." Akachukua mkoba. Nikawafuata, yeye na kijana wa Sengerema.

Mama tulimkuta juu ya gunia, kalamu sikioni. Nilimwamkia, hakuitika, alinipa simu tu. Dada alichuchumaa kando yake akamwomba amweleze asubuhi yake ilivyokwenda. Mama akaonyesha: magari mawili ya mteja mmoja yalikuwa yamesimama sambamba, yanapakia pamoja. "Jana huyu wa Shinyanga nilimwandikia kumi, halafu kumi, papo hapo. Ni gari mbili. Hizo ni kweli. Huyu wa Kongo ndiye mmenizidishia."

Tungefuta tungemnyang'anya magunia kumi ya haki yake. Tulisimama pale kwenye harufu ya dagaa wanaokauka, kijana wa Sengerema akaandika kwenye kiganja kwa wino: *mwenye deni ndiye anajua*.

Saa 7:30 mchana

Ugali na sato kwa mama ntilie, tukala haraka.

Saa 8:10 mchana

Ubishi ulikuwa mkali, na niliupenda. Kijana wa seva aliona ni aibu kumpa mtumiaji kazi ya kusafisha uchafu wetu. Dada wa upimaji alisema aibu kubwa ni kusafisha daftari la mtu usiku bila yeye kujua. Mara mbili walinitazama, mara mbili nikauliza tu, "Hili liko safu ya ngapi?" Ya kwanza. Wakaendelea.

Walichokubaliana: rekodi zote pacha zionekane kwa mwenyewe, moja juu ya nyingine, na vitufe viwili: "Ni moja" na "Ni mbili". Hakuna kinachofutwa hadi abonyeze. Iliwachukua karibu saa tatu. Njia yangu ingechukua nusu saa.

Palikuwa na sehemu moja niliyoingilia. Mmoja wetu alipendekeza tusiwatangazie wachuuzi ambao hawajagundua, wataona wenyewe vitufe. Nilikataa papo hapo. Kuwaambia watu ukweli kuhusu fedha zao ni mwelekeo wetu, upo safu ya tatu, na haujadiliwi kila kosa linapotokea. Hakuna aliyenuna, maana mpaka ule waliujua tangu siku ya kwanza.

Saa 11:00 jioni

Bado ni siku za giza la mwezi, si wakati wa kutoa toleo. Waliamua masahihisho yaende kwa wachuuzi watatu tu usiku huu, mama wa Kirumba akiwa wa kwanza, wengine wapate ujumbe wa maelezo sasa na masahihisho kesho mchana, mnada ukipoa. Umeme ulikatika katikati ya majaribio ya mwisho, wakamalizia kwa betri na bando la simu.

Kabla ya kuondoka nilichukua kalamu ya wino. Kwenye safu ya kwanza, chini ya mstari wa matoleo, niliandika: "Pamoja na ahadi ya tarehe kwa mteja." Ahadi hiyo ilikuwa mikononi mwangu, na kuihamisha kulinigharimu simu ya pili kwa mteja, dakika arobaini, hakufurahi. Nilimwambia kuanzia sasa atapata tarehe kutoka kwa wanaoifanya kazi, siku moja baada ya kuuliza. Alisema atafikiria. Dada wa upimaji alisoma mstari ule, akaniomba kalamu, akaongeza: "Yeyote anaweza kusimamisha toleo." Akaandika tarehe ya leo.

Saa 2:40 usiku

Kutoka kibarazani kwangu Nyegezi taa za wavuvi zilikuwa zimeshatoka ziwani. Simu ikalia, sauti tena, safari hii bila kelele nyuma.

"Nimebonyeza 'Ni moja' kwa wa Kongo na 'Ni mbili' kwa wa Shinyanga. Hesabu imekaa. Haya, mwanangu, marahaba."