Nimehamisha mfumo, nywila zikanigomea

Jana usiku nimemaliza kuhamishia Laravel (fremuweki, yaani kiunzi tayari cha kujengea programu za wavuti kwa lugha ya PHP) ule mfumo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, niliouandika kwa PHP tupu enzi hizo sijui hata fremuweki ni mdudu gani. Kurasa hazikunisumbua. Balaa lilikuwa nywila.

Zamani nilizihifadhi kwa MD5, njia ya kizamani ya kugeuza nywila kuwa msimbo usiorudishika (msinicheke). Laravel yenyewe inatumia bcrypt, njia ya aina hiyohiyo ila imara zaidi. Niwaambie akina mama wote wabadilishe nywila? Simu yangu ingeungua. Nikaichukua kila MD5 nikaipitisha kwenye bcrypt kama ilivyo. Mtu akiingia mara ya kwanza, mfumo unamhakiki kwa njia hiyo, kisha unaihifadhi nywila yake upya kwa bcrypt safi.

Kujaribu, haingii mtu, hata mimi! Saa mbili nzima namtafuta mchawi, kumbe safu ya nywila nimeiacha na herufi 32 za MD5, na bcrypt inataka 60. MySQL, yaani hifadhidata yangu, niliizimia ukali (strict mode) mwenyewe siku nyingi, basi badala ya kutoa kosa ikawa inakata herufi zilizozidi kimyakimya. Nikaipanua hadi 255, nikaanza upya kutoka kwenye nakala rudufu.

Saa nane usiku nikaingia. Asubuhi mweka hazina kanipigia: "Mwanangu, mbona umebadilisha rangi?"